Kabla ya mlima kuna kizingiti

Eric Sherbrooke Walker aliacha majengo mawili Nyeri ambayo husimuliwa kila moja kivyake, ilhali yanafaa kutazamwa pamoja. La kwanza ni Treetops ya mwaka 1932, kijumba juu ya mti wa mugumo ndani ya msitu wa Aberdare, kilichofikiwa kwa ngazi. Ndiyo ngazi aliyoipanda Binti Mfalme Elizabeth mwezi Februari 1952, usiku ambao baba yake alifariki Uingereza na yeye akawa malkia bila kujua. La pili ni Paxtu, nyumba ndogo katika viwanja vya hoteli ya Outspan mjini Nyeri, iliyojengwa 1938 kwa ajili ya Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti. Mzee huyo alikuwa amepita umri wa miaka 80 na moyo wake ulikuwa umedhoofika. Hakuwa mtu wa kupandishwa ngazi. Alipewa nyumba ya chini, baraza, na Mlima Kenya mbele ya macho yake kila asubuhi kabla mawingu hayajaufunika. Alikaa hapo hadi alipofariki tarehe 8 Januari 1941.

Treetops ya kwanza ilichomwa moto mwaka 1954, wakati wa vita vya Mau Mau, ikajengwa nyingine kubwa zaidi. Lakini utalii wa Nyeri na miji ya Mlima Kenya ulikuwa umekwisha kurithi ngazi, na baraza ukalisahau. Kwa zaidi ya miaka 90 eneo hili limetangazwa kwa picha ya mtu mwenye miguu imara, anayevuka vijito na kukwea hadi Point Lenana, mita 4,985, kabla jua halijachomoza. Anayetembea kwa magongo, anayetumia kiti cha magurudumu, au shosho wa Karatina ambaye magoti yake yamekataa kazi, huyo ameachiwa picha ya kalenda. Ukimuuliza mwenye hoteli au msimamizi wa kambi sababu, jibu huja upesi: hii ni nyika, mlima ni mlima, hatuwezi kuulaza.

Jibu hilo silikubali. Katika kazi ya kukagua majengo ya wageni, chombo cha kwanza ninachotoa mfukoni ni tepu ya kupimia, na kinachomrudisha mgeni nyumbani mara nyingi hupatikana ndani ya mita 100 za kwanza: kizingiti cha ofisi, mlango mwembamba wa choo, ngazi tatu za banda ambalo lingeweza kujengwa bila ngazi hata moja. Vitu hivyo havikuumbwa na volkano iliyouinua mlima. Fundi alilipwa kuvijenga.

Kwanza tujue ni nani anayezungumziwa. Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu 916,692 wenye ulemavu, kuanzia umri wa miaka 5, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la wenye ugumu wa kutembea, watu 385,417. Hesabu hiyo iliwachukua wale tu waliosema wanapata shida kubwa au hawawezi kabisa. Mzee anayemudu mwendo wa kutoka nyumbani hadi kanisani lakini hawezi kushuka ngazi 40 za kwenda kutazama maporomoko hayumo. Mama mjamzito hayumo, wala kijana aliyevunjika mguu kwa ajali ya bodaboda mwezi uliopita. Upande wa wageni kutoka ng'ambo ni vivyo hivyo. Wengi wanaoweza kulipia safari ndefu ya Afrika Mashariki ni wastaafu, na mwili wa mstaafu una masharti yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 1.3, yaani mtu mmoja kati ya kila sita, wanaishi na ulemavu wa kiwango kikubwa. Hoteli inayowafungia mlango watu wa namna hii inamfungia pia mke, mume, watoto na marafiki wanaosafiri nao, kwa sababu familia haigawanyiki langoni.

Tuchukue safari moja ya kawaida. Familia ya Karatina inataka kumpeleka mama yao Aberdare akaone maporomoko ya Karuru, maji yanayoshuka mita 273 kwa hatua tatu. Mama alipatwa na kiharusi, upande wa kulia hauna nguvu, anatembea hatua chache akishikwa mkono na mbali zaidi anatumia kiti cha magurudumu. Gari ni Land Cruiser, kwa sababu barabara za ndani huwa tope wakati wa mvua na gari dogo halifiki. Hapo ndipo mlima wa kwanza ulipo: kutoka ardhini hadi kiti cha gari hilo ni kimo cha kiuno cha mtu. Nimeona vijana wawili wenye nia njema wakimshika mgonjwa kwapani na kumvuta juu kama gunia la viazi, naye akiuma meno kwa maumivu ya bega. Bega la upande uliopooza halivutwi, kwa maana kiungo chake huchomoka kwa urahisi. Kinachotakiwa ni kijukwaa imara cha mbao chenye hatua mbili fupi na mshikio wa upande wake wenye nguvu, au ubao laini wa kutelezea kutoka kiti hadi kiti, gari likiwa limeegeshwa kwenye kingo iliyoinuka. Seremala wa Nyeri anaweza kutengeneza vyote viwili. Na kabla ya yote dereva amwulize mwenyewe: "Mama, tukusaidie vipi?" Yeye ndiye anayeujua mwili wake.

Akishapanda, jambo zuri hutokea ambalo watu wa utalii hawalitaji vya kutosha. Ndani ya hifadhi kama Aberdare hakuna anayeruhusiwa kushuka garini isipokuwa mahali palipotengwa. Tembo akivuka njia, kijana wa miaka 25 na mama huyu wamekaa sawasawa, wanaona kitu kilekile kutoka dirisha lilelile. Utalii wa gari humsawazishia asiyetembea nafasi kuliko matembezi mengi ya mjini. Nyati hajali nani ana magongo. Kwa hiyo tofauti yote inabaki kwenye vituo vya kushuka, na kituo kikuu ni choo.

Nitakaa hapo kidogo, maana ndipo safari nyingi huvunjikia bila mtu kusema. Mtu asiye na hakika ya choo hanywi maji tangu asubuhi. Anapanda hadi tambarare za juu, zaidi ya mita 3,000, kwenye hewa ya baridi, mwili ukiwa hauna maji, na kichwa kinaanza kuuma. Wenzake wanadhani ni mwinuko, kumbe ni kiu ya kujitakia. Choo kinachomfaa hakihitaji vigae vya kifahari. Kinahitaji mlango wenye nafasi wazi ya sentimita 80 hadi 90, unaofunguka kwa nje ili mtu akianguka ndani asiuzibe kwa mwili wake. Kinahitaji duara la sentimita 150 la kugeuzia kiti, chuma cha kushika kilichofungwa ukutani kwa boliti za kweli, na kiti cha kukalia chenye kimo cha sentimita 45 hadi 48. Kama kambi ina choo cha shimo cha kuchuchumaa, seremala atengeneze kiti cha mbao kilichotobolewa katikati, chenye mikono pande mbili, kiwekwe juu ya shimo na kuondolewa baadaye. Mashambani kwetu wazee wengi wanakitumia tayari. Sijui kwa nini kimekuwa kitu cha kushangaza kambini.

Baada ya choo ni mteremko. Kipimo kinachotumika sana duniani ni kila sentimita moja ya kupanda ipewe sentimita 12 za urefu. Kizingiti cha sentimita 15 kinataka mteremko wa mita 1.8. Ngazi tatu za kawaida zinataka takriban mita sita. Nimeona miteremko mipya ya saruji iliyosimama wima kiasi kwamba mwenye kiti akijaribu kupanda peke yake atapinduka kisogo. Waliojenga walitaka kuonekana wametii sheria, na mgeni wao wa kwanza angeishia hospitali.

Sheria yenyewe haina utata. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali pote kwa kadiri inayowezekana, pamoja na usafiri wa umma na habari. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008, na Kifungu cha 30 cha mkataba huo kinataja waziwazi burudani na utalii. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2003 ilitaka majengo ya umma yarekebishwe ndani ya miaka mitano, na mwaka 2025 ikapatikana sheria mpya iliyochukua nafasi yake. Ofisi ya lango la hifadhi ni jengo la umma. Choo cha kituo cha kutazamia maporomoko ni jengo la umma. Hata kiingilio kikifutwa kabisa kwa watu wenye ulemavu, msamaha wa ada mbele ya ngazi ni sawa na kutolipisha chochote kwa kutotoa chochote.

Mlima Kenya wenyewe una neema ambayo wenyeji wa Naro Moru, Nanyuki na Chogoria wanaijua na wageni wengi hawaambiwi. Gari lenye nguvu linaweza kumfikisha mtu juu ya mita 3,000 bila yeye kupiga hatua. Kutoka lango la Naro Moru, lililo kwenye mita 2,400 hivi, barabara inapanda hadi kituo cha Met Station, mita 3,050. Upande wa Sirimon kuna njia ya gari hadi Old Moses, karibu mita 3,300, na upande wa Chogoria gari linaweza kulipita lango hadi mwisho wa njia. Safari hiyo inaanza kwenye msitu mzito, kwa baadhi ya njia inapita ukanda wa mianzi, kisha miti inaanza kuning'iniza ndevu za kijivu na anga kufunguka. Nina hakika watu wengi waliofika hapo kwa gari wameuona mlima vizuri kuliko wale waliotembea usiku wakiangalia visigino vya mwongozaji.

Tahadhari zipo, na mwongozaji lazima azijue kwa jina. Mtu aliyeumia uti wa mgongo huenda asihisi baridi miguuni, na mwili wake huenda usijirekebishe joto ipasavyo, kwa hiyo soksi na blanketi zikaguliwe kwa macho na mikono badala ya kungoja alalamike. Barabara ya mawe inayomtikisa kwa saa mbili inaweza kumchubua ngozi pasipo yeye kujua, na kidonda cha kukalia huchukua miezi kupona. Awe na mto mzuri wa kiti, na gari lisimame kila nusu saa ainuliwe kidogo ili uzito uondoke mahali alipokalia. Ugonjwa wa mwinuko haubagui, na dalili zikija dawa ya kwanza ni kushuka, kwa yeyote yule.

Kule Aberdare, The Ark iliyojengwa kwa umbo la safina mwishoni mwa miaka ya 1960 ina somo jingine. Wageni wanatolewa Mweiga kwa basi, na kutoka pale basi linaposimama wanaingia kwa daraja refu la mbao lililoinuliwa juu ya ardhi, katikati ya matawi. Daraja hilo liliwekwa ili watu wapite na wanyama wapite, kila mmoja kwake. Hakuna aliyewaza kiti cha magurudumu. Lakini ukikubali kujenga njia ya mbao iliyoinuka kwa ajili ya usalama, umeshajenga sehemu kubwa ya njia ambayo mtu asiyepanda ngazi angeihitaji, na udongo wa chini, mizizi na mapito ya wanyama umeviacha salama kuliko njia ya kukanyagwa. Ndani ya safina ndimo meli inamogeuka kuwa meli kwelikweli, sitaha juu ya sitaha na vyumba vyembamba. Anayefikiria kujenga nyumba mpya ya wageni kando ya misitu hii angefanya vyema kuliiga daraja na kuiacha meli.

Na wapagazi? Miji hii imejengwa kwa mabega yao. Ujuzi wa kumbeba binadamu mlimani upo tayari, kwa sababu kila msimu kuna wanaoteremshwa wagonjwa. Kilimanjaro wanatumia machela yenye gurudumu moja, inayoshikwa na watu mbele na nyuma. Ukiibadilisha machela hiyo iwe ya kukalia umepata karibu kitu kilekile alichokibuni Mfaransa Joël Claudel mwaka 1987, kiti cha gurudumu moja kiitwacho Joëlette, alichomtengenezea mpwa wake mwenye ugonjwa wa misuli ili wapande milima pamoja. Vyama vya wapagazi na waongozaji vya Naro Moru na Chogoria vikipata viti vichache vya aina hiyo na mafunzo, kazi mpya inazaliwa, ya heshima na yenye malipo, kwa vijana ambao leo wanagombania mizigo langoni. Chama cha watu wenye ulemavu wa viungo nchini Kenya, APDK, kilichoanza mwaka 1958, kina karakana za viti vya magurudumu hapa nchini. Kiti cha magurudumu matatu, chenye gurudumu la mbele lililosogezwa mbali, hupita kwenye udongo mwekundu ambamo vigurudumu vidogo vya kiti cha hospitali huzama. Hatuhitaji kuagiza kila kitu.

Ila nina neno kwa waandishi wenzangu. Bernard Goosen wa Afrika Kusini alipanda Kilimanjaro kwa kiti cha magurudumu mwaka 2003, akarudi tena 2007. Mmarekani Chris Waddell alifika kileleni 2009 kwa baiskeli ya mikono. Spencer West, asiye na miguu, alipanda 2012 sehemu kubwa kwa mikono yake. Nawavulia kofia wote watatu. Tatizo ni namna habari zao zinavyotumiwa, kana kwamba mtu mwenye ulemavu anastahili kuuona mlima akishathibitisha ushujaa usiotakiwa kwa mtu mwingine yeyote. Mtalii wa kawaida kutoka Nairobi haulizwi ushujaa. Anakula samosa, anapiga picha, anarudi nyumbani. Mama wa Karatina naye ana haki ya siku ya kawaida.

Liko jambo zito zaidi ambalo halipaswi kufunikwa. Barabara ya kutoka Ihithe hadi Ndunduri, iliyopangwa kukata Aberdare kutoka Nyeri kwenda Nyandarua, imezua mabishano makali na kufikishwa mahakamani mwaka 2024. Ihithe ni kijiji alikozaliwa mtetezi wa misitu Wangari Maathai mwaka 1940, na mtu anayekumbuka kazi yake haoni lami katikati ya msitu ule kama jambo dogo. Mtu akija kuitetea barabara ya namna hiyo kwa jina la wazee na watu wenye ulemavu, akataliwe. Wamarekani walikumbana na swali hili mapema. Sheria yao ya nyika ya 1964 inakataza barabara na magari katika maeneo yaliyotengwa, na sheria yao ya haki za watu wenye ulemavu ya 1990 ikasema kwamba kiti cha magurudumu kinaruhusiwa kuingia humo, bila kulazimisha nyika ibadilishwe. Nafasi ya binadamu ikalindwa na ya msitu ikalindwa. Sisi tunaweza kwenda hatua moja mbele yao, kwa kuyarekebisha yote yaliyokwisha kujengwa na kutogusa yasiyojengwa.

Wanaosema hakuna uwezo wautazame uzio wa Aberdare. Shirika la Rhino Ark, likishirikiana na serikali na wakazi, lilianza mwaka 1989 na kumaliza 2009: karibu kilomita 400 za nyaya za umeme, nguzo kwa nguzo, mabondeni na mitoni, ili kumkinga faru na kukinga shamba la mkulima. Kazi ya miaka 20 kuizunguka safu nzima ya milima! Mbele ya kazi hiyo, choo kimoja chenye mlango mpana katika kila lango ni shughuli ya fundi na vibarua wake.

Kabla hata ya fundi, kuna lisilohitaji saruji. Ni habari. Mtu mwenye ulemavu hasafiri kwa matumaini, husafiri kwa vipimo. Akipiga simu hotelini na kuuliza kama wanaweza kumpokea, hujibiwa "karibu sana, tutakusaidia", na jibu hilo la ukarimu ndilo linalomtia taabu, kwa sababu akifika anakuta ngazi 18 na wanaume wanne tayari kumbeba. Wapo wanaokubali kubebwa. Wengi hawapendi, na hakuna anayetaka kubebwa kwenda chooni. Hifadhi za taifa za Afrika Kusini kwa miaka mingi zimetoa maelezo ya kila kambi: chumba gani kina bafu la kuingia na kiti, njia gani imesakafiwa, wapi hapafai. Ukweli wa "hapafai" una thamani kubwa. Unamwezesha mtu kupanga safari yake badala ya kuaibishwa nayo.

Kwa hiyo maombi yangu ni haya. Maafisa wa shirika la wanyamapori, KWS, wa Kiandongoro, Ruhuruini, Mutubio, Naro Moru, Sirimon na Chogoria, chukueni tepu na daftari asubuhi moja kabla wageni hawajafika. Pimeni kizingiti cha ofisi, upana wa mlango wa choo, idadi ya ngazi hadi jukwaa la kutazamia, kimo cha kaunta ya malipo, umbali kutoka maegesho. Muwe na mtu anayetumia kiti cha magurudumu mnapopima, naye alipwe ujira wake. Bandikeni majibu langoni na kwenye tovuti, kwa Kiswahili, hata pale ambapo majibu hayapendezi. Wenye hoteli wa Nyeri, Mweiga, Naro Moru na Nanyuki fanyeni vivyo hivyo kwa vyumba vyenu. Na wewe msomaji, utakapopiga simu kuweka nafasi mwezi wa Desemba, hata kama unakwenda na wenye afya njema tu, uliza idadi ya ngazi na upana wa mlango wa choo. Wakisema hawajui, waombe wapime, kisha uwapigie tena.